Tulienda kumtoa mzee kwa shamba la baba huko Kibirichia, akajifungia ndani na petroli

Wakuu, salamu kutoka Meru. Haya nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Baba alituachia shamba la viazi Kibirichia. Kuna nyumba ya mbao hapo, na ndani anaishi Mzee Kirimi, aliyemlimia baba tangu nikiwa mtoto.

Baba alipofariki, mzee akasema kipande chenye hiyo nyumba alipewa na baba. Shahidi? Marehemu mwenyewe. Title, yaani hati ya shamba, nayo iko kwa jina la baba.

Kesi ilikuwa kortini, lakini ndugu yangu Mutwiri akachoka. "Karimi, tutazeeka tukingoja hakimu." Akakodi vijana wa Kianjai waje kubomoa nyumba, tukapanda nao mpaka shambani asubuhi. Mimi nilijiambia naenda kuwatuliza.

Wakaanza kung'oa mabati.

Mzee akatoka, akatuangalia. Akarudi ndani. Tukasikia komeo.

Kisha harufu.

Petroli ikatokea chini ya mlango, ikafika kwa viatu vyangu.

"Endeleeni tu," mzee akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Kiberiti niko nacho."

Vijana waliruka kutoka kwa paa wakatoroka. Mutwiri akabaki amesimama.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke kutoka ndani. Mama Kendi, mke wa mzee, mgonjwa wa miguu. Hata hatukuwa tumeuliza kama yuko ndani.

"Karimi, ni wewe? Mwambie afungue. Mimi sijaulizwa kama nataka kufa."

Nikapiga magoti kwa matope.

"Baba Kendi, tunaondoka. Hakuna mtu atakugusa mpaka korti iseme. Mfungulie mama tu, tafadhali."

Nilisikia njiti zikigongana ndani ya kiberiti.

Akafungua. Nikambeba Mama Kendi mpaka kwa nyasi. Hakunishukuru. Alisema tu, "Na wewe ulikuja nao."

Baadaye korti ilitupatia shamba. Wao wakahamia kwa binti yao. Ile nyumba iko wazi, lakini sijaweza kuingia.

Funzo langu: hata ukiwa na title, usimtoe mtu bila amri ya korti. Hujui ni nani amelala nyuma ya huo mlango.

Waliopitia haya, mlifanyaje? Na kama unaona mzee alikuwa na haki, sema pia. Mimi bado sijui.