Niliona Kosa Kwenye Bima ya Baba, Wivu Ukanifunga Mdomo

Admin, naomba usitaje jina langu wala la shule yangu. Baba hafuati kurasa kama hizi, lakini majirani zetu wanazifuata.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kwetu ni kijiji cha wakulima kando ya mto Tana, kati ya Wenje na Garsen. Baba ana wake wawili na mama yangu ndiye mkubwa. Mama mdogo ana binti ambaye nitamwita Saadia. Tumepishana miezi minne tu, tumekula sinia moja tangu utoto, na sijawahi kumchukia. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata hayanipendezi hata mimi.

Baba alikaa Qatar miaka saba akiendesha gari la familia moja. Miaka yote hiyo, kila likizo, mimi ndiye niliyemtumia ujumbe wa sauti siku ya Ijumaa kwa simu ya Mama. Nilimweleza nimekuwa wa ngapi darasani, mto umepanda kiasi gani, nani kaoa na nani kafariki. Saadia alikuwa akipita nyuma yangu na kupaza sauti, "Baba, viatu!" kisha anakimbia.

Baba alirudi nikiwa shuleni. Nilipofunga na kufika nyumbani, nilikuta amenunua gari kuukuu, na kiti cha mbele kina mwenyewe. Kule Qatar watu huendesha upande wa kulia, na Baba alikuwa bado anajisahau. Mara nyingine alifungua mlango wa abiria, akaketi, akatafuta usukani. Majirani walicheka wakashika mbavu. "Mqatari, leo unaendeshwa na nani?" Basi Saadia, anayesoma shule ya kutwa, ndiye aliyekaa kando yake akimkumbusha, "Kushoto, Baba! Kushoto!" Mimi nilikaa nyuma na magunia ya maembe.

Mambo ya leseni, nikiwa bado shuleni, pia yalikuwa ya Saadia. Leseni ya Baba ya Kenya, kile kijitabu chekundu cha zamani, muda wake ulikuwa umekwisha siku nyingi. Alidhani ile ya Qatar ingemtosha, mpaka polisi mmoja kwenye kizuizi cha barabarani akaigeuzageuza na kumwambia, "Mzee, mimi sikusoma madrasa." Baba, kwa vile kwetu kila karatasi ya Kiarabu hupelekwa kwa maalim, akaipeleka kweli. Maalim akaitafsiri kwa mwandiko mzuri sana, Baba akaenda nayo Garsen kwa kijana wa kompyuta, yeye na maalim wakachekwa wote wawili. Ni Saadia aliyekaa na yule kijana siku mbili, akamfungulia Baba akaunti kwenye tovuti ya serikali, hadi leseni mpya ikapatikana. Baba alisimulia habari hiyo kila baraza. "Binti yangu huyu ni wakili." Mama yangu alitabasamu, nami nikaenda kuosha vyombo visivyo na uchafu.

Siku ya kukata bima nilienda nao. Wakala alimpa Saadia fomu ajaze. Palipoulizwa gari litatumika kwa kazi gani, Baba akauliza, "Hapo wanasemaje, mama?"

"Wanauliza ni la nani. Naandika la binafsi. Si ni letu?"

"Ni letu, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nilikuwa nimesoma yale maandishi madogo. Yalisema bima ya gari la binafsi haihusu kubeba watu kwa malipo. Na Baba kila siku ya soko huwapeleka kina mama na ndizi zao, nao humlipa nauli. Nikafungua mdomo kusema. Wakati huohuo Baba akamshika Saadia bega, akamwambia wakala, "Bila huyu ningekuwa bado natembea kwa miguu."

Nikafunga mdomo. Moyoni nikasema, mwache wakili amalize kesi yake. Nilitaka siku moja kosa lionekane, Baba ageuke, anitafute mimi.

Sasa ni wiki ya tatu. Gari limeenda sokoni na kurudi, nami kila likichelewa nasikiliza mlio wake njiani. Jumamosi kuna harusi Chewele, na Baba ameshapokea nauli za watu saba. Mama yangu ni mmoja wao.

Jana nilijaribu kumpima Saadia. Nikamwambia, "Hukuogopa kujaza fomu zile zote?"

Akacheka. "Niliogopa sana! Zile za leseni nilimwambia Baba tungoje ufunge shule, wewe ndiye msomi. Akasema tusikusumbue, una mitihani."

Ndugu zangu, nilichukua ndoo. Nilienda mtoni kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Najua bima inaweza kubadilishwa, maana wakala alisema mtu akibadili matumizi arudi ofisini. Kwa hiyo sijachelewa kabisa, na hilo ndilo linalonipa tumaini. Lakini nikisema, Baba ataniuliza nilijua lini. Nikidanganya kwamba nimegundua leo, Saadia ataaibika peke yake na mimi nitasifiwa, na Mungu anajua kwamba sehemu yangu moja bado inataka hivyo. Nikisema kweli, nitampoteza Baba ambaye nimemngoja miaka saba.

Leo ni Alhamisi. Nimwambie Baba peke yake, au niwaketishe wote wawili, yeye na Saadia, niseme niliona na nikanyamaza? Nianze na neno gani? Mliowahi kumwonea wivu ndugu mnayempenda, naomba mnijibu kabla ya Jumamosi.