Bomba la Ndama na Kinda la Njiwa

Juzi dukani kwangu Njoro, ninapouza dawa za mifugo, mteja aliniomba bomba la sindano la kulishia makinda ya njiwa. Nikafungua boksi, harufu ya plastiki mpya ikanipiga, na kabla sijamtajia bei nilisharudi Masama, darasa la tatu, nimepiga magoti jikoni kwa mama.

Mama alikuwa akipogoa kahawa, kiota kikaanguka na makinda wawili. Tulingoja mpaka alasiri, njiwa wakubwa hawakurudi. Nikawatia kikapuni. Walikuwa na sura mbaya, jamani, uchi wa mnyama na midomo mikubwa, lakini niliwapenda papo hapo.

Kijiko kiliwamwagia maziwa kifuani. Ndipo nikakumbuka bomba la kumnyweshea ndama dawa. Nilijiona daktari kabisa! Nikavuta maziwa, nikampanua kinda mmoja mdomo, nikasukuma. Alitikisa kichwa mara mbili, akalegea.

Mama aliingia na ndoo ya ndama. Akamwokota, akamfuta maziwa puani kwa pindo la kanga, haraka haraka.

"Baridi imemmaliza, Aika," alisema. "Usilie. Tumtazame huyu."

Bomba akalichomeka juu darini, nisikofikia. Kisha akakoroga uji mwepesi wa ulezi, akakunja ngumi akaacha tundu dogo, akautia humo.

"Ndama tunamfundishaje kunywa kwenye ndoo?"

"Tunampa vidole anyonye."

"Haya. Njiwa naye hamiminiwi. Huingiza mdomo kooni kwa mama yake, akala mwenyewe. Mpe pa kuingiza."

Nikakunja ngumi yangu. Kinda akapapasa, akazamisha mdomo mpaka machoni, akala huku mbawa zikimtetemeka. Alinitekenya kiganja, nikacheka na machozi yangu usoni. Alikua, akahamia mgombani, siku moja akaondoka bila hata asante.

Basi nilimkatia mteja ncha ya bomba, nikalifunga kipande cha puto chenye tundu.

"Usisukume," nikamwambia. "Aingize mdomo mwenyewe. Ukimmiminia, maziwa yanaingia mapafuni, anakufa palepale."

Alishukuru, akaenda zake. Mimi nikayarudia kimoyomoyo maneno yangu mwenyewe. Miaka yote hii nimewasimulia watu kwamba yule wa kwanza alikufa kwa baridi, na sikuwahi kujiuliza.

Ilikuwa Januari. Jua lilikuwa linakausha majani ya kahawa, na sisi tulikuwa kando ya moto. Baridi gani, mama?