Kijiji Kinachoitwa Hayuko

Nilikuwa nimefundisha Likoni miaka kumi na mmoja kabla ya kuuliza kwa nini kijiji chetu kinaitwa Hayuko. Siku ya kwanza jina lilinichekesha. Nilishuka feri na begi langu na barua ya uhamisho, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke Hayuko. "Hayuko nani?" akaniuliza, akacheka peke yake. Ulikuwa mzaha aliokuwa nao kwa kila mgeni. Baadaye nikalizoea, nikawa naliandika kwenye fomu bila kulifikiria.

Kisha ukaja mtaala mpya, ambao kila wiki unataka watoto wafanye mradi na wazazi washirikishwe. Gredi ya tano, katika Masomo ya Jamii, tulikuwa kwenye mada ya mahali tunapoishi. Nikawapa kazi niliyoiona rahisi kupita zote: waulize wazee nyumbani jina la Hayuko lilitoka wapi, waandike mistari mitano. Ilikuwa Ijumaa. Nilirudi kwangu nimefurahi, nikiwaza nitakavyoyabandika majibu ukutani, kila mtoto na hadithi yake.

Jumatatu nikakusanya madaftari thelathini na manane. La kwanza lilikuwa na mstari mmoja: "Jina hili tulilikuta." La pili vivyo hivyo. Nikayafungua yote. Jina hili tulilikuta, kwa miandiko thelathini na minane, mingine imelala, mingine imesimama wima. Hata mtoto ambaye hakuwa ameniletea kazi ya nyumbani tangu mwaka uanze aliandika, tena bila kosa hata moja.

"Nani amewaambia muandike hivi?" nikauliza.

Msichana wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida hunijibu kabla sijamaliza swali, akawa anaangalia kifuniko cha kalamu yake.

"Nyumbani, mwalimu," akasema mwishowe.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

Wakati wa chai nikamwendea mwalimu mwenzangu wa gredi ya pili, aliyezaliwa hapo hapo na kuolewa hapo hapo. Nikamwonyesha madaftari. Badala ya kunijibu akaniuliza, "Hilo swali lilikuwa kitabuni, au umelitunga wewe?"

Nikamwambia mada imo kitabuni, swali ni langu.

"Aa," akasema, akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje.

Wiki hiyo yakaanza mambo madogo madogo. Mama anayeuza viazi karai langoni, ambaye siku zote huniongezea ukwaju bila kuombwa, alinifungia viazi vikavu akageukia mteja mwingine. Baba mmoja anayelima mihogo nyuma ya shule alisimama kwenye ua kunitazama nikisahihisha dirishani. Nilipoinua mkono kumsalimu, akainama kwenye jembe lake. Nikipita penye watu wawili, mazungumzo yanakuwa ya mvua.

Alhamisi mwalimu mkuu akaniita ofisini. Mzee wa mtaa alikuwa ametoka hapo muda si mrefu; kiti chake kilikuwa bado kimegeuzwa upande.

"Wazazi wanauliza zile habari zinakwenda wapi," akasema.

"Habari gani? Madaftari yako kabatini."

"Wanauliza pia kama una ndugu kwenye ofisi ya ardhi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ndugu niliye naye Mombasa ni mdogo wangu mmoja tu, anaishi Port Reitz, anaendesha mashine za kupakia makontena. Nikanyamaza katikati ya maneno, maana nilikumbuka kwamba mwezi uliopita alinitembelea na wenzake wawili, wametoka kazini moja kwa moja, wamevaa vizibao vya kung'aa na kofia ngumu. Walizunguka kijiji kizima wakipiga picha kwa simu: minazi, kisima, njia ya kushukia majini. Nami ndiye niliyekuwa nikiwaongoza.

Nilitoka ofisini nimeelewa kwa nini wananiogopa, lakini sikuelewa wanaficha nini. Na hapo ndipo nami nilipoanza kuwashuku. Nilipokuwa nafua, nilipokuwa napanga foleni ya feri, jina lile lilinizunguka kichwani. Hayuko. Nani hayuko? Alikwenda wapi? Kijiji kizima hakiwezi kukubaliana neno moja kwa jambo jepesi hivyo. Nikawaangalia watu niliokula nao futari mwaka baada ya mwaka, nikajiuliza babu zao walimfanya nini mtu huyo.

Mwenye nyumba wangu ni mama mjane wa familia ya zamani ya hapo. Vyumba vyetu vinatazamana, ua ni mmoja. Kila asubuhi nikimwamkia hunijibu, "Marahaba mwanangu, umelalaje, kifua kimepoa?" Wiki ile alijibu marahaba tu. Jumamosi nilimkuta amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nimekukosea?"

Akakuna kwanza kizio kile cha nazi mpaka kikaisha. "Keti," akasema. "Nikuulize, na wewe uniambie kweli mbele ya Mwenyezi Mungu. Hizi habari wampelekea nani?"

"Simpelekei mtu, mama."

"Na wale wa vizibao?"

"Mmoja ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Wengine ni wenzake wa kazini. Walikuja kula."

Aliniangalia usoni, kisha akanieleza. Zamani kidogo, kabla sijafika, walikuja wanaume wawili wenye adabu sana. Waliwaletea wazee soda na mikate. Hawakuuliza habari za ardhi hata kidogo. Waliuliza majina tu. Kisima hiki kwa nini kinaitwa hivi? Konde lile aliyelifyeka wa kwanza ni nani? Wazee walifurahi kwamba kuna wasomi wanaojali, wakazungumza kutwa, na wale wanaandika.

"Mwaka wa pili tukaona seng'enge upande wa chini," akasema. "Tulipokwenda ofisini tukatolewa karatasi ya waliodai ardhi. Wallahi, mwalimu, ilikuwa hadithi yetu wenyewe, neno kwa neno, ila watu waliomo ndani ni wengine."

Akachukua nazi nyingine, akaipasua, akanipa maji yake ninywe. Ndipo akaniambia asili ya jina bila mimi kuuliza. Wakati wa bibi yake, askari walikuwa wakija kukamata wanaume wa kwenda kubeba mizigo ya vita. Wanaume walijificha mikokoni, maji yamewafika kifuani, na wake zao wakabaki kujibu hodi. Nyumba ya kwanza, hayuko. Ya pili, hayuko. Ya kumi, hayuko. Karani aliyefuatana na askari akachoka, akaandika kwamba kijiji chenyewe ni Hayuko.

Hadithi ilinipendeza. Ilinipendeza mno, na hilo likanitia wasiwasi.

Jumapili mdogo wangu alivuka, nikaenda naye kwa mzee wa mtaa. Tulikunywa chai, akaulizwa habari za kazi yake, akazifuta zile picha mbele ya wote. Watu wakaanza kunisalimu upya, taratibu. Madaftari niliyarudisha, kila mtoto nikampa alama zote. Hata mwenzangu wa gredi ya pili alirudi kunywea chai ndani, na siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jina lilitokana na mwalimu wa madrasa aliyekwenda Hija asirudi; wanafunzi wake walikuja kumuulizia miaka mingi wakiambiwa hayuko.

Nilimpelekea mwenye nyumba habari hiyo. "Na hiyo pia ni kweli," akasema, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye nazi aliyokuwa akikuna. Mpaka leo sijui kama nilipewa ukweli au nilipewa cha kuninyamazisha, na ni nani aliyenipa kipi.

Siku hiyo hiyo aliniuliza yeye. "Na kwenu bara, mwapaitaje?"

Nikamtajia. Akalijaribu jina mara mbili, likamshinda, akacheka. "Maana yake nini?"

Najua maana yake. Si neno la lugha yetu. Ni jina la ukoo wa wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao pale kabla babu yangu hajagawiwa shamba. Babangu alituambia mara moja tu, na alipomaliza akatuonya tusilizungumze na watu wa nje.

"Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama, mikono imetulia juu ya nazi. "Haya," akasema, akaniomba nimsogezee kifumbu akamue tui.