Karibu ya Mista Colin

Thabit alizaliwa Tabora, nyuma ya duka la baba yake. Watoto wenzake walimtania kwa Kinyamwezi, mama yake alimwita kwa Kiswahili, na baba yake alisali na kukasirika kwa Kiarabu. Familia ilipohamia Maskati, naye ni kijana wa miaka kumi na minne, Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa hicho cha sala na cha hasira, na mtu hawezi kwenda sokoni nacho. Shuleni walimkalisha na watoto wadogo, magoti hayaingii chini ya dawati. Mtaani wakamwita Zinjibari, ilhali Zanzibar alikuwa hajaitia machoni hata siku moja.

Akaja kumuoa Lamya, ambaye ndiye Mzanzibari hasa, mzaliwa wa Unguja mjini. Hapo napo hakupumua. Mashemeji zake wa kike walikuwa wakimsikiliza anavyosema, kisha wanatazamana. "Shemeji yetu anaongea kama askari wa bara," walisema, na neno lenyewe "anaongea" walilitamka kwa kulivuta, kwa sababu kwao watu huzungumza. Lamya hakucheka mbele yao. Alicheka nyumbani, wakiwa wawili tu, na hilo Thabit alilivumilia.

Basi akawa mtu asiyetulia. Akikaa kwenye kiti mguu unatikisika. Akizungumza Kiarabu anasikiliza kosa lake kabla halijatoka, akizungumza Kiswahili vilevile. Lugha moja tu ndiyo ambayo kila mtu pale mjini alikuwa mgeni kwayo, nayo ni Kiingereza, na Thabit akajiapia kwamba hiyo ataishika mpaka hapana wa kumcheka.

Mwaka 1994 akapata kazi Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, katika kampuni iliyouza na kutengeneza pampu za maji na jenereta. Meneja alikuwa Mwingereza wa kaskazini ya nchi yao, Mista Colin, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Kazi ya Thabit ilikuwa kusimama katikati: Mista Colin aseme, Thabit awafasirie wateja kwa Kiarabu.

Siku za mwanzo alitamani ardhi ipasuke. Kiingereza cha Mista Colin hakikufanana na cha kitabuni. Mashine ikifa, alisema imechoka kwa neno ambalo Thabit hakulipata katika kamusi yoyote. Siku moja alifika mzee Muhanna, mwenye shamba la mitende, kuulizia pampu yake. Mista Colin akakuna kichwa, akasema kazi imekwenda "pear-shaped." Thabit akafasiri alivyosikia: pampu imekuwa na umbo la tunda la pea.

Mzee Muhanna akamgeukia Thabit. "Mimi niliwapa pampu iliyonyooka," alisema. "Nani kaipinda?"

Ilibidi waende wote watatu karakanani kuitazama. Pampu ilikuwa imenyooka kama ilivyokuja, ila mota imeungua, na hilo ndilo Mista Colin alilotaka kusema, kwamba mambo yameharibika. Mzee Muhanna aliondoka akimtazama Thabit kama mtu mwenye homa.

Toka hapo Thabit hakuacha neno lipite. Akilisikia, hulirudia moyoni njia nzima mpaka Darsait walikopanga. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akitania mafundi kwa maneno ya Mista Colin, na lafudhi yake pia, hata Mista Colin akawaambia wageni kwamba huyu bwana ni mtu wa kwao aliyepotea jangwani. Thabit alilipokea neno lile kama mtu aliyepewa kiwanja. Sasa ana pa kujenga.

Jioni moja, wakifunga ofisi, Mista Colin akamgusa bega. "Lazima mje nyumbani kwangu kunywa chai siku moja, wewe na mkeo."

Thabit alifika nyumbani, akamwambia Lamya kabla hajavua hata viatu. "Mama Raghad, meneja katualika chai."

"Chai ya asubuhi?" Lamya aliuliza, maana kwao kunywa chai ni chakula cha kufungulia kinywa.

"Kwao ni jioni. Hata chakula cha jioni wanakiita chai."

"Lini?"

"Siku moja."

"Siku moja ndiyo siku gani?"

"Siku yoyote. Tutakwenda Alhamisi." Alhamisi haikuwa siku ya kazi; Maskati ya wakati ule juma la kazi liliishia Jumatano.

Lamya alimtazama kidogo, akaingia jikoni. Alikaanga sambusa na visheti, akavifunika kwa kitambaa cheupe, akavaa vizuri. Raghad, binti yao mdogo, wakamwacha kwa bibi yake. Thabit alivaa kanzu mpya ya dishdasha na kilemba alichokifunga mara tatu, akaendesha gari mpaka Bawshar, kwenye nyumba kubwa kubwa zenye kuta, huku akipiga usukani kwa vidole.

Mista Colin alifungua mlango amevaa kaptula na fulana, miguu mitupu. Akawatazama. "Thabit. Kuna jambo limetokea kazini?"

"Hapana. Tumekuja kunywa chai."

Mista Colin aligeuka akatazama ndani. Nyuma yake sebule ilikuwa na kiti kimoja kilichotazama televisheni.

"Lovely," alisema Mista Colin, akasogea kuwapisha.

Thabit alikuwa ameshajifunza kwamba neno lile laweza kumaanisha vizuri sana, na laweza kumaanisha balaa. Lamya hakuhitaji kujua Kiingereza. "Baba Raghad," alisema polepole, "mtu huyu hakuwa akitutarajia. Natuondoke."

"Tumeshafika. Tukiondoka sasa ndiyo vibaya zaidi."

Mista Colin alileta viti kutoka chumba kingine. Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo ya maharage ya kopo, chakula cha mtu mmoja, naye akayagawa sahani tatu juu ya slesi za mkate. Lamya akafunua sambusa zake. Wakala, vijiko vikigonga sahani, na hapana aliyejua pa kuweka macho.

"Muulize mkewe yuko wapi," Lamya alisema.

Thabit hakutaka kuuliza, lakini akauliza. Mista Colin alijifuta mikono. Akasema mkewe amerudi Uingereza tangu mwezi uliopita na hatarajii kuja tena, amechoka na joto na amechoka na yeye. Kisha akatabasamu. "Mustn't grumble."

"Anasema hana la kulalamika," Thabit akafasiri.

"Mbona macho yake yanalalamika?"

Hilo Thabit hakulipeleka upande wa pili.

Walipoaga, Mista Colin alisimama mlangoni akasema lazima waje tena siku moja. Ndani ya gari, walipoingia barabara kubwa, Lamya akamtazama mumewe.

"Nna swali," alisema. "Ukipita mahali, ukamkuta mtu anakula, akakwambia karibu, wewe wamjibu nini?"

"Starehe."

"Wala huketi?"

"Siketi."

"Haya. Nao wana karibu yao kama hiyo."

Thabit alihisi masikio yakiwaka. Alivyokuwa akijua maneno yote yale, na hili la karibu ya mdomo, alilolelewa nalo, hakulitambua lilipovaa nguo za Kiingereza.

Juma lililofuata akawa mtu mwingine kazini. Alijibu ndiyo na hapana. Utani wote akauacha, akafasiri neno kwa neno, baridi kama karatasi. Jioni hakurudi nyumbani moja kwa moja; alizunguka na gari mpaka Qurum, akageuza, akazunguka tena bila shughuli. Lamya akimuuliza alikuwa wapi, anasema foleni.

Mwishowe Mista Colin alifunga mlango wa ofisi. "Nimekukosea?"

Thabit alibaki amesimama. "Uliposema tuje kunywa chai, ulitaka tuje?"

Shingo ya Mista Colin ikazidi wekundu. Alitazama dirishani, kwenye uwanja wa jenereta. "Hapana," alisema. "Ni jambo tunalosema tu." Akavuta kiti, akaketi. "Lakini mlipogonga mlango, nilikuwa sijazungumza na mtu tangu nilipotoka kazini Jumatano. Mlipoondoka nilizila sambusa zote zilizobaki, nikiwa nimesimama jikoni. Sikujua namna ya kukwambia."

Katika Kiingereza chote alichopata kukisikia kwa mtu yule, hiki ndicho cha kwanza ambacho Thabit hakuhitaji kukigeuza geuza kutafuta kilichofichwa chini yake.

"Njooni Alhamisi hii," Mista Colin akasema. "Saa kumi na mbili. Sasa ninasema kweli."

"Hapana. Alhamisi utakuja wewe kwetu."

Alikuja saa kumi na mbili kamili, Lamya hajatoka kuoga. Akakaa sakafuni na miguu yake mirefu, akala biriani kwa mkono mpaka mchuzi ukamfika kwenye kiwiko. Akaja tena, na tena, mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1999. Aliaga kwa Kiswahili alichofundishwa na Lamya, na Thabit alipokisikia alicheka, kwa sababu mtu yule wa kaskazini ya Uingereza alikuwa na matamshi ya Unguja zaidi kuliko yeye.

Meneja mpya alizungumza Kiingereza kilichonyooka, na Thabit akachoka nacho upesi. Aliacha kazi, akashika nyingine, akaacha. Mwaka 2004 akapata nauli na fursa ya kwenda Tabora, akidhani huko ndiko atakapokaa kitako. Binamu zake walimpokea kwa furaha. Siku ya pili mmoja akamwambia, "Kaka, Kiswahili chako kimekuwa cha pwani kabisa. Huongei tena, unazungumza."

Alirudi Maskati kabla ya siku aliyopanga. Lamya alimfungulia mlango, akapokea begi. Baada ya sala ya alasiri Thabit alichukua ufunguo wa gari.

"Wenda wapi na safari haijakutoka mwilini?"

"Sijui bado," alisema.

Lamya akavaa buibui. "Ngoja basi. Twende wote."