Sumu chini ya gunia la Papa Adalbert

Asubuhi hii, huku mtaani Panzi, Maman Eulalie hasalimii mtu. Amepiga magoti mbele ya vizimba vyake, anamgusa sungura mmoja tumboni. Sungura hatikisiki.

“Unaona? Hata masikio imelala,” anasema. “Huyu alikuwa karibu kuzaa.”

Pembeni, juu ya majani ya mgomba, wamelazwa wenzake. Amekataa wazikwe. Anamngoja Papa Adalbert, aliyemuuzia sokoni pumba za mahindi za kuwalisha, aje awaone kwa macho yake.

Maman Eulalie ni mjane. Amefuga sungura tangu mumewe afariki, na ndio waliomsomesha binti yake hadi akapata diplome. Alikuwa nao kama thelathini. Kwa juma moja, zaidi ya kumi wamekufa.

Jana daktari wa mifugo, Fabiola, alimpasua mmoja. Ini lilikuwa la njano, limevimba.

“Ni sumu ya ukungu, maman,” alimwambia. “Dawa yake hakuna. Ondoa hiyo chakula yote, uwape majani na maji safi, tungoje.”

Basi tangu jana wanakula majani tu. Baadhi wanatafuna. Wengine wanayaangalia.

Papa Adalbert anafika, kofia mkononi. Majirani nao wamesogea.

“Maman, usinipigie kelele mbele ya watu. Ukungu nilikwangua kwenye mahindi, nikaanika, njo nikapeleka kwa mashine. Kama tu mihogo!”

Hapo wengine wanaitikia kwa kichwa, wanamwelewa. Maana huku kwetu mihogo huloweshwa, ikafunikwa majani mpaka iote ukungu, ikakwanguliwa na kuanikwa, na bugali wake ni mtamu. Nani hakukua akila huo?

“Mihogo ni mihogo!” Maman Eulalie anainuka. “Ya mahindi inaingia ndani. Unakwangua, sumu inabakia. Unaanika, inabakia. Mimi pia sikujua, mpaka jana daktari aliniambia. Lakini weye, kama uliona iko muzuri, kwa nini ukaweka pumba mupya juu, ile ya kunuka chini?”

Papa Adalbert analisogelea gunia lililobaki kando ya vizimba.

“Juu harusi, chini kilio!” jirani mmoja anamtupia, na watu wanacheka. Maman Eulalie hacheki.

“Nipe gunia, maman. Nakuletea lingine, bure.”

“Na hili unapeleka wapi?”

Papa Adalbert anaanza kufunga mdomo wa gunia.

“Nakuuliza, papa. Wapi?”

“Kuna mutu wa nguruwe, kule Kavumu...”

Maman Eulalie hamwachi amalize. Anakamata gunia kwa pembe zake mbili, analiburuta hadi kwenye choo cha zamani, analimwaga lote shimoni. Vumbi la kijani linampanda mpaka usoni. Anakohoa, anakung’uta gunia mpaka chembe za mwisho.

Akinawa, anasema yeye na wanawake wengine wafugaji wamepatana: mavuno yakifika watapanda hadi kijijini Miti, wanunue mahindi yangali kwenye magunzi, wayakaushe wenyewe, na kwenye mashine wasimame mpaka pumba zitoke.

“Hawa waliobaki wakipona, nitaanza tena nao. Wasipopona, nitaanza na mbili za kuomba kwa wenzangu,” anasema. “Lakini hiyo ni ya kesho.”

Anakaza kitenge kiunoni, anamgeukia Papa Adalbert.

“Haya, tangulia. Sokoni uko na magunia ingine. Tunaenda kuyafungua, moja moja, mpaka chini.”