Beseni la Jiwe Kutoka Tabaka Hadi Gatini

Niliondoka nyumbani Kebirigo kwa ajili ya beseni moja la jiwe, na kwa ajili ya maneno machache ya Kiingereza yaliyotakiwa kuandikwa juu ya sanduku lake. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha si zamani, nami nilikuwa nafundisha darasa la nne. Ndugu yangu Nyamweya alikuwa mchongaji wa mawe huko Tabaka. Namwita ndugu kwa kuwa mama zetu walizaliwa tumbo moja: wangu aliolewa Kebirigo kwa Wasabato, wake akaolewa Tabaka kwa Wakatoliki. Ndiyo sababu mimi nasali Jumamosi, naye Jumapili, na tangu utotoni hatujaacha kutaniana juu ya jambo hilo.

Padre mmoja wa Kisumu alikuwa amemwagiza Nyamweya beseni la kubatizia watoto. Kanisa jipya lilikuwa lifunguliwe Jumapili ya juma lile. Ujumbe wa padre ulikuwa mfupi: likifika Jumamosi, Nyamweya na wenzake wangepewa kazi ya kuchonga madhabahu nzima; lisipofika, watoto wangebatizwa kwa karai la bati, na madhabahu ingejengwa na fundi wa saruji. Kwa watu wa Tabaka, madhabahu ile ilikuwa kazi ya msimu mzima.

Basi Nyamweya akaniita. "Mwalimu," alinitumia salamu, "jiwe nimelimaliza. Njoo na Kiingereza chako."

Alhamisi mchana nilifika Tabaka, miguu imejaa vumbi jeupe la machimbo. Beseni lilikuwa uani, juu ya gunia. Lilikuwa jeupe, lina mshipa mmoja wa rangi ya waridi uliozunguka ukingo kama uzi, na ubavuni alikuwa amechonga samaki wadogo wakifuatana. Nilipitisha kidole ndani yake nikaona ni laini kama shavu. Hapo hapo hofu ikaniingia, maana kitu laini namna ile kilikuwa kivuke milima na ziwa.

Tulilifungia majani makavu ya mgomba, tukaliweka ndani ya sanduku la mbao, tukashindilia majani mengine pembeni. Kisha nikatoa rangi nyeusi na brashi.

Msomaji, usiyaogope maneno ya usafirishaji. Ukiyatazama moja moja, kila neno linamwambia mtu fulani jambo fulani. Ubavuni niliandika FRAGILE, maana yake kitu hiki huvunjika upesi. Neno hilo linamwambia kuli. Juu ya kifuniko nikaandika THIS SIDE UP, yaani upande huu ndio wa juu. Hilo linamwambia anayepanga mizigo. Chini yake nikaandika jina la padre, kwa maana Waingereza hawaanzi na mwenye kutuma. Mtu anayeungojea mzigo ndiye mkubwa, nao humwita consignee.

Nyamweya alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Na kuli asiyejua kusoma?"

"Ataambiwa na anayejua."

"Na akiwa hayuko?"

Nikaendelea kupaka rangi.

Jioni ile lori moja lilipita likielekea Kendu Bay, ambako meli ya kwenda Kisumu ilikuwa ikiondoka Jumamosi asubuhi. Dereva alikuwa tayari kutubeba. Lakini alinuka pombe ya busaa, na aliposhuka alishikilia mlango ili asianguke. Tukamshukuru, tukamwacha aende. Tulikubaliana kumngoja Onsongo, dereva mtu wa makamo kutoka upande wa Nyamira, Msabato mwenzangu, asiyeonja pombe wala kutukana. Mama yake Nyamweya alitusifu kwa busara yetu. Wote tuliokuwa pale tulimwona Onsongo kuwa dereva wa kuaminika kuliko wote, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Onsongo alikuja amechelewa, kwa sababu ya matope. Wanaume wanne walilipandisha sanduku, nasi tukapanda nyuma kulishikilia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kabla ya kufika Kisii mjini lori liliteleza mara nyingi hivi kwamba mikono yangu ilikufa ganzi kwa kukamata kamba.

Ili kujiondolea hofu nilianza kumfundisha Nyamweya. Nilimweleza kwamba kupeleka mzigo ni jambo moja na kuufikisha ni jambo jingine. Mzigo ukiwa njiani, hata ukiwa mlangoni kwa mwenyewe, bado haujafika. Umefika pale tu mpokeaji atakapoufungua, autazame, aseme kwa kinywa chake: "Received in good order." Nimepokea, na kitu ni kizima.

"Risivd in gud oda," akasema.

"Vizuri sana! Tena."

Alirudia hata tanboi, msaidizi wa Onsongo, akacheka. "Huyu atakuwa karani," akasema.

"Karani gani," Nyamweya akamjibu, "mimi nabeba mawe, karani anabeba kalamu na bado anachoka."

Baada ya Kisii barabara ilianza kuteremka, na matope yakazidi. Kwenye kilima kimoja karibu na Oyugis magurudumu yalizama hadi ekseli. Tulikata matawi, tukatandika mawe, tukasukuma. Lori lilipochomoka lilitupwa mbele kwa nguvu, na nilisikia kitu kikigonga ndani ya sanduku. Nyamweya naye alisikia. Hatukuweza kulifungua pale matopeni, kwa hiyo tulisafiri na mlio ule masikioni mwetu hadi jioni.

Jua lilipokaribia kushuka tulianza kuona ziwa. Maili chache tu zilikuwa zimebaki. Hapo Onsongo akapunguza mwendo, akaingiza lori kwenye uwanja wa boma moja lenye ua wa minyaa, akazima injini.

"Kuna nini, tata?" Nyamweya akamwuliza kwa heshima, maana Onsongo alikuwa rika la baba zetu.

"Sabato inaingia jua likizama, mwanangu. Hapa ni kwa Baba Owino, mshirika wetu. Hunilaza kila ninapopita Ijumaa."

"Lakini gati ni pale! Mimi nasikia harufu ya samaki!"

"Ukisikia harufu na mimi nasikia. Lakini jua silishiki mkia."

Nyamweya akanigeukia. Sitasahau uso wake. "Momura ominto," akasema, yaani ndugu yangu wa nyumba moja, "mwambie. Ninyi ni wa dini moja."

Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe nisingegusa kamba ya sanduku lile jua likizama, wala nisingemwagiza mwingine aiguse badala yangu, kwa maana amri inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Nilikuwa nimemchagua Onsongo kwa uaminifu wake, na uaminifu wake ndio uliotusimamisha.

"Mlevi angekuwa gatini tangu jana," Nyamweya akasema polepole.

"Ndiyo," nikasema.

Baba Owino, Mjaluo mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama akisikiliza. Akamwambia Nyamweya kwa Kiswahili: "Shemeji, mimi siwezi kukubebea. Lakini kukuonyesha nyumba ya jirani si dhambi, na jua bado lina kidole kimoja. Yule pale ni Mkatoliki, ana mkokoteni wa ng'ombe. Nenda ukapatane naye wewe mwenyewe."

Nyamweya alikimbia. Jirani hakujua Kiswahili, wala Nyamweya hakujua Kijaluo. Wakapatana kwa vidole na vicheko. Aliporudi, sanduku lilikuwa limeteremshwa uani, na mimi nilikuwa na dakika chache tu za kumpa kila nilichojua.

"Karani akiuliza mzigo ni wa nani, mwonyeshe jina hili hapa. Akitaka kuulaza, mwambie dis said ap. Kuli akiutupa, mwambie fragile, fragile!"

"Frajali."

"Inatosha. Na usimwache karani aupeleke chini kabisa, mizigo mingine italala juu yake. Na ukifika Kisumu..."

"Mwalimu," akanikatiza, akielekeza kidevu magharibi. Jua lilikuwa limezama. "Nenda kasali. Jiwe halina dini."

Jumamosi asubuhi nilisikia magurudumu ya mkokoteni yakilia yakitoka ua wa jirani, ambako sanduku lilihamishiwa usiku. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kufuata, nitembee tu kando, bila kugusa chochote.

Baba Owino alikuwa akifunga vifungo vya koti lake la kanisani. "Unakwenda kutazama?" akaniuliza.

"Kutazama tu."

"Mwalimu, nakujua tangu jana tu, lakini wewe ukitazama sanduku lile utalisukuma kwa macho. Njoo kanisani."

Nikaenda. Tuliimba, tukaketi, mhubiri akafungua kitabu. Sikusikia kitu. Kichwani mwangu sanduku liliteremka na kupanda, liliteleza, lilipinduliwa na watu wasiojua herufi. Katikati ya mahubiri honi ya meli ikalia ziwani, mara moja, ndefu. Onsongo, aliyeketi mbele yangu, aliinamisha kichwa. Nikajua kwamba hata yeye hakuwa anasikiliza. Tangu hapo sikumkasirikia tena.

Nyamweya hakurudi mchana. Hiyo ingeweza kuwa habari njema, kwamba amepanda meli pamoja na mzigo. Ingeweza pia kuwa habari mbaya, kwamba ameona haya kurudi.

Jua lilipozama nilitembea haraka hadi gatini. Hapakuwa na mtu ila mlinzi aliyekuwa akipika samaki wake kando ya ghala. Nilimwuliza kama alimwona Mkisii mwenye sanduku.

"Yule wa kelele?" akacheka. "Nani asiyemwona! Aliwafokea makuli Kizungu hata karani akatoka kutazama. Walikuwa wamelikamata vibaya. Halafu nikasikia mbao, kraa! Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuona yaliyofuata."

"Sanduku lilivunjika?"

"Mbao ililia. Jiwe sijui."

Miguuni mwangu, penye mwanga wa moto wake, palikuwa na ubao. Niliuinua. Ulikuwa umeng'olewa misumari ikiwa imepinda, na juu yake palisomeka mwandiko wangu mwenyewe: FRAGILE.

Jumapili asubuhi Onsongo alinirudisha. Alikuwa amepakia chumvi na samaki wakavu, nami niliketi mbele, ubao magotini.

"Mwalimu," akasema tulipofika Oyugis, "ningevuka jua, ningekuwa dereva gani kwenu? Mngeniita tena?"

"Tusingekuita."

"Na sasa?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu. "Tutakuita. Lakini Jumatatu." Alicheka kidogo, na barabara ikawa fupi.

Wakati huo huo, kengele za kanisa jipya lazima zilikuwa zinalia Kisumu, na mtoto fulani alikuwa anamwagiwa maji juu ya jiwe au juu ya bati.

Kutoka Kisii nilipanda kwa miguu kupitia Nyamira hadi Kebirigo. Mama aliniuliza kama mzigo ulifika. Nikamwambia sijui. Ni jibu gumu kumpa mama, hasa ukiwa umetumwa wewe kwa sababu umesoma.

Siku mbili nilifundisha hesabu nikitazama dirishani. Siku ya tatu, wanafunzi wakiwa wametoka kwenda kula, nilimwona Nyamweya akipanda njia ya shule, kofia kichwani, bila haraka yoyote. Nilimkimbilia nikiwa na chaki mkononi.

"Vipi?"

"Salamu kwanza. Hamsalimiani tena huku Kebirigo?"

Nikamsalimu. "Vipi sasa?"

"Nimetembea. Sina hata uji tumboni."

Nilimpeleka nyumbani. Mama akamletea kibuyu cha uji wa wimbi, akanywa taratibu akiutazama ule ubao niliokuwa nimeuegemeza ukutani.

"Ah, huu umeufikisha wewe," akasema. "Niliung'oa mimi."

"Wewe?"

"Makuli walikuwa wanalivuta kama gunia la mahindi. Nikasema frajali, frajali. Wakacheka. Nikasema dis said ap, wakacheka zaidi. Nikachukua chuma, nikang'oa ubao ubavuni, nikavuta majani. Nikawaonyesha. Mmoja akaona samaki, akaita wenzake. Walinyamaza, mwalimu. Halafu mkubwa wao akavua shati lake, akalikunja, akaliweka chini ya sanduku. Walilishika kama mtoto aliyezaliwa usiku ule."

"Na ule mlio wa Oyugis?"

"Nyundo yangu. Niliisahau ndani."

Mama alicheka hata akashika mlango. Mimi sikucheka bado. Nilikuwa nangoja.

Hapa ndipo naweza kukuambia, msomaji, nilichojifunza katika njia ile. Maneno ya usafirishaji ni mema, yajifunze. Yatakusaidia mbele ya karani, na karani mwenyewe alimpitisha Nyamweya kwa sababu ya jina lililokuwa juu ya sanduku. Lakini mzigo hausafiri kwa mtu mmoja. Mwingine huuchonga, mwingine huuandika, mwingine huuendesha mpaka pale dini yake inapomsimamisha, na mwingine huupokea pale ulipoachwa. Kazi yako ni kuuachia vizuri sehemu yako inapokwisha, halafu uvumilie kutojua. Kuvumilia huko ndiko kulikonishinda, na nadhani ndiko kugumu kuliko matope.

Nyamweya aliweka kibuyu chini. Akasimama katikati ya nyumba, akanyoosha koti lake kama karani.

"Padre alifungua sanduku mbele ya watu," akasema. "Akapapasa ukingo wote. Halafu akasema, nami nikasema pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nayajua maneno hayo." Akanitazama, akatamka kila neno kwa zamu yake, taratibu, bila kukosea hata moja:

"Received in good order."