Salamu Tuliyoshindwa Kuitoa Mwambani

Siku ile tulikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Mdogo wangu wa kike anayenifuata. Kitinda mimba wetu, dereva wa bodaboda pale Ujiji. Na bibi mmoja aliyetukuta katikati ya mwamba, ambaye mpaka leo hatumjui hata jina. Hakuwepo mwingine. Baba na mama walishatangulia zamani, mimi nikiwa darasa la sita, na tangu hapo mambo ya nyumba yetu tunayaamua sisi watatu.

Jambo la siku hiyo lilikuwa mguu. Mdogo wangu amesomea uuguzi. Mwaka uliotangulia, pikipiki ilimwangusha kwenye mteremko wa kutoka Kalinzi, barabara ikiwa tope tupu. Akavunjika mguu wa kulia, akawekewa chuma. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akamwambia aache fimbo, lakini yeye hakuiacha. Kisha akapangiwa zahanati ya mlimani, huko upande wa Mwamgongo, ambako ukishashuka kwenye boti hakuna pikipiki wala barabara, wagonjwa wanafuatwa kwa miguu. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Akikataa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nikipanda ule mwamba mpaka pangoni, naenda," alisema tukiwa tunakula. "Nikishindwa nabaki hapa nikusaidie kuanika dagaa, dada."

Nilimjibu kwamba dagaa wangu hawahitaji muuguzi.

Jumamosi asubuhi tukaenda. Mwamba uko kusini mwa mji, unaning'inia juu ya ziwa. Ni mwendo mfupi, ila umesimama kama ukuta. Ni jiwe la mchanga, jekundu, ukilishika linakuachia chembe kiganjani. Juu yapo mapango yanayotazama maji. Njia imechongwa na nyayo za akina mama wenye mashamba ya mihogo huko juu. Wao hupita hapo kila siku na mizigo kichwani, wala hawauiti mwamba. Wanauita njia ya shamba.

Kitinda mimba alitangulia, mimi nikawa nyuma, mgonjwa wetu katikati. Tulikuwa bado chini kabisa, lakini yule mtoto wa mjini alikuwa ameshaanza kuhema.

"Wewe si kijana?" dada yake akamtania. "Mbona unapumua kama injini mbovu?"

"Sista, niache. Wewe mguu wako una chuma, wangu nyama tupu!"

Tulicheka, lakini mimi macho yangu hayakutoka kwenye ile fimbo. Kila hatua aliitanguliza, akaiegemea, ndipo akaleta mguu.

Katikati ya mwamba njia inakuwa nyembamba, upande mmoja jiwe, upande mwingine hewa na ziwa chini yake. Hapo ndipo bibi alipotokea, anashuka, mzigo wa kuni kichwani, peku, shingo imenyooka. Kitinda mimba alijibana kwenye jiwe.

Sisi Waha mtu mzima hatumsalimii kwa mdomo peke yake. Unakunja magoti, unainama, unapiga makofi taratibu, na salamu inakwenda na kurudi mpaka mkubwa atakapotosheka. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Basi mdogo wangu alipomwona bibi, hakufikiri. Aliachia fimbo, akachutama palepale ukingoni, akaanza makofi.

"Mwakeye, bibi!"

Fimbo iligonga jiwe, ikaruka, ikapotea. Baada ya muda tukasikia maji.

"Weee!" Bibi alipiga kelele. "Makofi ya nini hapa? Shika jiwe, mwanangu! Unataka kufa kwa adabu?"

Mdogo wangu alishika jiwe, akainuka. Bibi akatupita kwa upande wa nje, kuni hazikutikisika hata kidogo. Alipokuwa ameshashuka chini yetu kidogo, alisema bila kugeuka: "Hamjanisalimia bado. Salamu yangu mtaileta nyumbani, nyumba ya mwisho kule ufukweni. Nawadai!"

Tulichungulia majini.

"Fimbo yangu," mdogo wangu akasema.

"Kesho iko Kongo hiyo," akajibu kitinda mimba.

Nilitaka kusema turudi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimemwona akichutama na kuinuka, uzito wote juu ya ule mguu, na nadhani yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anatambua. Aliutazama mguu kama mgeni aliyemkuta sebuleni. Kisha akaweka kiganja kwenye jiwe, akapanda.

Hakuwa mwepesi. Mara mbili alikaa chini, akalia kidogo, akafuta uso kwa kanga. Mkono niliompa aliusukuma. Pale juu, kitinda mimba alipomwambia ameshafika, alijibu kwamba macho anayo.

Pangoni kulikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Alisimama mlangoni, miguu yote miwili sawasawa, akapiga vigelegele mpaka popo wakatoka. Mimi, niliyewazika wazazi bila kulia mbele za watu, nililia. Mtandao ulikuwepo kidogo, akampigia mganga mfawidhi wa ile zahanati palepale. "Nakuja," alisema. "Ndiyo, kwa miguu."

Tuliposhuka tulikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mwisho ufukweni. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akasema bibi amepanda boti kwenda msibani kwa ndugu zake, haijulikani atarudi lini. Tulikaa kizingitini mpaka jua likakaribia maji, tukaondoka.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alikwenda kazini. Sasa nasikia bibi amesharudi, na kitinda mimba ananisukuma niende nikamsalimie kwa niaba yetu, maana kwangu si mbali. Nimekataa. Makofi yale hayapigwi na mtu mwingine. Atakapopata likizo atakuja mwenyewe, atakunja goti lake mwenyewe mbele ya ule mlango. Mpaka siku hiyo, bibi anatudai.